Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Mwanga: Mwaka wa Kwaya na Bendi za Ridhaa Milimani

Kwa: Halmashauri ya Wilaya ya Mwanga, upande wa Utamaduni na Sanaa, pamoja na viongozi wa dini na wakuu wa shule wa Kata ya Ngujini

Yah: Mialiko, kurekodi na miradi ya vikundi vya muziki vya ridhaa

Kikundi cha muziki cha ridhaa ni kile ambacho wanachama wake hawaishi kwa muziki. Katika Milima ya Upare kikundi cha namna hiyo huwa ni kwaya ya usharika yenye kinanda na magitaa mawili matatu, au bendi ya matarumbeta, au kundi la kaswida la madrasa, au vijana wachache waliochanga wakanunua vyombo. Mpiga besi ni fundi seremala, mwalimu wa kwaya anafundisha hesabu shule ya msingi, na sauti ya kwanza inajazwa na akina mama waliotoka kupalilia mchana huohuo. Humu wote wanaitwa bendi, kwa kuwa mwaka wao unafanana: mazoezi, mialiko, safari, kurekodi pale fedha inapopatikana, na miradi midogo ya kuziba mapengo. Taratibu zinazowahusu, za serikali na za taasisi, zimeandikwa kwa kumfikiria mwanamuziki wa mjini anayeuza kazi yake. Matokeo yake zinaipita pembeni bendi ya ridhaa, ambayo ndiyo inayopiga sehemu kubwa ya muziki unaosikika katika kata kama Ngujini.

Ridhaa si daraja la chini la muziki. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, ni klabu ya wapenzi wa muziki, na Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, vilevile. Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932 na bendi za dansi zilizoifuata Morogoro, Tanga na Tabora zilikuwa vyama vya wanachama kwanza, biashara baadaye. Mshahara wa kudumu kwa mpiga muziki ulikuja hasa baada ya Uhuru, pale NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, kisha viwanda, majeshi na mashirika ya umma yakafuata: Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, bendi za Polisi, za Magereza, za JKT. Mashirika yale yalipodhoofika, mishahara ilikwenda nayo. Klabu za ridhaa za Zanzibar zipo mpaka leo.

Upareni chimbuko ni lingine. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Shighatini, Pare ya Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista wa Sabato walifika Giti, Pare ya Kusini, mwaka 1903. Pamoja na Biblia vilikuja vitabu vya nyimbo, uimbaji wa sauti nne na nota za do-re-mi, mfumo ambao John Curwen wa Uingereza aliueneza katika karne ya 19 ili watu wasiojua nota za mistari waweze kuimba kwa kusoma. Ni mfumo wa watu wasio na fedha. Hautaki piano, unataka ubao na chaki, na ndiyo maana umedumu. Kwa Walutheri wa Kijerumani yalikuja pia matarumbeta, yaani desturi yao ya vikundi vya kanisani vinavyopuliza vyombo vya shaba badala ya kinanda. Uislamu nao una mizizi ya muda mrefu Usangi na Ugweno, pamoja na dufu, kaswida na maulidi. Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ilipoanza kujitegemea mwaka 1975, kwaya ilikwisha kuwa chombo cha kijiji kizima.

Mtafiti Mmarekani Gregory Barz, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu muziki wa kwaya Tanzania, aliona jambo ambalo mwenyeji yeyote angemwambia bure: kwaya ni jumuiya yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati, inayozika wafu wake na kuwauguza wagonjwa wake, na katikati ya hayo inaimba. Halmashauri inapotazama kikundi kama hicho na kuona "burudani" tu, inakosa kuona nusu ya kazi yake.

Mwaka wenyewe hauanzi kwa muziki. Januari ni mwezi wa ada za shule na madeni ya Krismasi. Mazoezi yanalala, na kinachofanyika ni mkutano wa mwaka: taarifa ya fedha, uchaguzi wa viongozi, na mabishano marefu kuhusu rangi ya sare. Wapare wanataniwa na majirani zao kwa ubahili na kwa kupenda kesi. Anayetaka kuona upande mzuri wa tabia hizo mbili afungue daftari la mweka hazina wa kwaya, ambamo hata mia mbili ya faini ya kuchelewa mazoezi ina tarehe na sahihi.

Februari nyimbo mpya zinaanza kufundishwa, sauti moja moja, kisha zinaunganishwa. Kwaresma inaleta nyimbo za huzuni na Pasaka inaleta mkesha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yanaharibu ratiba: shamba linataka jembe, njia za udongo zinateleza, na mwalimu anafika mazoezini akikuta watu sita. Mialiko ni michache majira hayo, isipokuwa misiba, nayo haina malipo wala haipaswi kuwa nayo.

Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, lakini mahindi na maharage yamevunwa, shule zimefungwa kwa muda, na harusi zinaanza. Hapa bendi inagawanyika. Kwaya inaimba kanisani, matarumbeta yanapanda nyuma ya gari dogo la wazi kusindikiza maharusi, na vijana wenye vyombo wanahamia ukumbini, kwa kawaida turubai uani au darasa lililotolewa madawati. Kamati ya harusi inalipa kwa utaratibu usioandikwa: chakula, soda, nauli na bahasha ambayo hakuna anayeijua uzito wake mpaka ifunguliwe. Ukumbini watu hutunza, noti moja moja, mkononi au kwenye kikapu, na mara nyingine kinachotoka kwa watunzaji kinazidi bahasha. Kikundi kinachojua kazi yake hakimdharau MC. Ndiye anayeamua kama bendi itapiga saa tatu usiku watu wakiwa macho, au saa sita wameshachoka.

Septemba mpaka Novemba kuna sikukuu za mavuno, mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, na matamasha ya kwaya ya jimbo na dayosisi, ambako kila kundi linaimba wimbo uliopangwa kwa wote na mwingine wa kuchagua lenyewe. Wimbo uliopangwa ndio kipimo halisi, kwa kuwa hakuna pa kujificha. Kundi la kaswida lina kalenda nyingine. Maulidi yanarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo msimu wake unazunguka, mara kiangazi, mara masika.

Halafu Desemba. Watoto wa Ngujini walioko Dar es Salaam, Moshi na Arusha wanapanda mlima kwa Krismasi, na katika wiki mbili zinabanwa harusi, ubatizo, vikao vya ukoo na uzinduzi wa nyumba. Kwaya inajaa ghafla. Waimbaji wa zamani wanarudi kwenye viti vyao, na tenori iliyokuwa ya watu wawili mwaka mzima inakuwa ya kumi na mmoja, ambao hakuna hata mmoja aliyefanya mazoezi. Ndicho kipindi chenye mialiko mingi, chenye fedha kidogo ya kutosha, na chenye muziki mbovu kuliko wote. Walimu wa kwaya wanalijua hilo na wanavumilia, kwa sababu ahadi za michango ya mwaka unaofuata zinatolewa wiki hizohizo.

Safari ndiyo gharama inayomeza mapato. Kutoka milimani hadi barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha ni mteremko wa kona, na gari linalokodiwa ni Noah au Coaster, wakati mwingine Fuso ya mizigo. Shughuli inakwisha usiku, na dereva analipwa kwa safari, hivyo anataka kurudi usiku huohuo. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na Coaster viligongana na kuwaka moto. Zaidi ya watu 35 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakielekea harusini Moshi. Mwaka 2011 kwaya ya Ambassadors of Christ ya Rwanda ilipoteza waimbaji katika ajali ikiwa njiani kutoka ziara ya Tanzania. Kwa hiyo suala la kulala ugenini si anasa. Usharika au kamati inayoalika inaweza kuandika katika barua yake ya mwaliko jambo moja tu zaidi ya chakula na nauli: mahali pa kulala mpaka asubuhi. Madarasa yapo, yanahitaji ufunguo na ruhusa ya mkuu wa shule.

Kurekodi ndiko kunakohitaji kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndiko kunakomaliza akiba na ndiko kwenye ndoto. Kila kwaya ya Tanzania imesikia jinsi Kwaya ya Uinjilisti ya Kijitonyama au AIC Chang'ombe zilivyovuka mipaka kwa kanda na video, na wote hao walikuwa waimbaji wa ridhaa wa makanisa yao. Kurekodi kumekuwa kukimsafirisha mwanamuziki wa Afrika Mashariki tangu mwanzo: Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti zao ziingie kwenye santuri. Baada ya Uhuru njia ilikwenda Dar es Salaam, kwenye studio za Radio Tanzania, ambako bendi ilipiga wimbo mzima mara moja na kosa la mmoja likawarudisha wote mwanzo. Kaskazini kulikuwa na studio ya Kilutheri ya Moshi, iliyotengeneza vipindi vya Kiswahili vya Sauti ya Injili na kuvituma Addis Ababa, kwenye kituo cha redio kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1963 na kutaifishwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Zikaja kanda za kaseti, na pamoja nazo wanakili waliouza kanda stendi bila kumjua mwenye wimbo.

Leo mambo yanafanyika kwa kompyuta. Prodyuza anatengeneza biti kwa kinanda, anaweka mdundo wa kuhesabia, kisha waimbaji wanaingia chumbani kwa mafungu, watatu au wanne, vipokea sauti masikioni. Kwa msanii mmoja utaratibu huo unafaa. Kwaya ya watu thelathini unaiumiza kwa njia tatu. Wakulima wanaoimba wakiangalia mkono wa mwalimu hawajazoea mdundo usiokubali kupunguza mwendo mwishoni mwa ubeti. Kuwapeleka thelathini Moshi au Arusha kwa siku kadhaa kunagharimu chakula na malazi kuliko studio yenyewe, kwa hiyo wanachaguliwa wanane "wenye sauti", na wengine wote wanachanga kulipia albamu ambayo hawamo. Tatu, sauti nane zikirudufiwa kwa mashine hazigeuki kuwa kwaya. Zinasikika safi, lakini aliyewahi kukaa benchi la nyuma anajua kwamba besi ya mzee fulani, isiyo safi hata kidogo, ndiyo iliyokuwa inashikilia wimbo.

Njia nyingine ipo na ni ya kale kuliko studio. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 kurekodi ngoma na nyimbo, alibeba mashine kwenda kwa wapigaji, akawaacha wapige mahali walipozoea. Vinasa sauti vya siku hizi vinaingia mkobani. Kwaya ya Ngujini inaweza kurekodiwa ndani ya kanisa lake mwenyewe kwa maikrofoni mbili zilizowekwa mbele, mita mbili au tatu kutoka safu ya kwanza, besi wakisimama nyuma na wenye sauti kali wakirudishwa hatua moja. Ukuta wa mawe na sakafu ya saruji vinarudisha mwangwi, nao unapunguzwa kwa mablanketi na kanga zilizotundikwa ukutani. Bati ni adui wakati wa mvua, kwa hiyo masika hayafai. Kipindi kizuri ni kiangazi baada ya mavuno, asubuhi kabla upepo haujaanza na kabla mashine ya kusaga haijawashwa. Betri ya akiba ni lazima, umeme ukikatika. Wimbo unarekodiwa mzima, mara tatu nne, kisha inachaguliwa iliyo bora. Mwalimu anabaki na mkono wake, na thelathini wote wamo.

Kasoro ya njia hii isifichwe: haitoi muziki wa kuchezea ukumbini, na redio nyingi zinapenda sauti ya kinanda na dramu. Kikundi kinachotaka yote mawili kinaweza kurekodi sauti kanisani na kuongeza vyombo baadaye, ingawa hapo mwendo unaopanda na kushuka unampa fundi mitambo kazi kubwa.

Albamu ikikamilika inazinduliwa. Uzinduzi una mgeni rasmi, kwaya alikwa, keki na mnada wa nakala ya kwanza, na mgeni rasmi anachaguliwa kwa mfuko wake kuliko kwa sikio lake. Fedha ya kweli ya albamu inapatikana siku hiyo. Baada ya hapo nyimbo zinasambaa kwa WhatsApp na kwenye flashi za madereva wa bodaboda, bila shilingi kurudi. Kulalamikia hilo hakusaidii sana. Linaloweza kurekebishwa ni kile kinachobaki studio. Mara nyingi faili za kazi zinabaki kwenye kompyuta ya prodyuza, video inapandishwa YouTube kwa akaunti ya mtu mwingine, na miaka mitatu baadaye, kompyuta ikiisha kuharibika, kikundi hakina hata nakala nzuri ya wimbo wake. Mkataba wa ukurasa mmoja wa Kiswahili ungetosha: faili zote za kila sauti zinakabidhiwa kwenye diski ya kikundi, akaunti ni ya kikundi, mtunzi anatajwa, na inaandikwa jinsi mapato ya mauzo yatakavyogawanywa. Ofisi ya utamaduni ya wilaya ina uwezo wa kuchapa mkataba wa mfano na kuuacha kwa watendaji wa kata. Hauhitaji bajeti.

Kutaja mtunzi kunastahili neno zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki tangu kazi inapotungwa, bila kusubiri usajili, na haki za kiuchumi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini haki ya mtu asiyeandikwa popote haina pa kushikia. Wimbo wa Pasaka wa "Mfurahini, Haleluya" umeingia katika vitabu vya nyimbo vya Marekani na Ulaya ukiwa na jina la Bernard Kyamanywa, mchungaji Mhaya, kwa sababu maneno yake yalikusanywa na kuandikwa Tanzania katika miaka ya 1960. Sauti ya wimbo huohuo imeandikwa kuwa ya jadi. Aliyeitunga kwanza, kama alikuwa mmoja, hana jina. Katika kwaya za Upareni hali hiyo ya pili ndiyo ya kawaida. Mwalimu anatunga nyimbo nyingi maishani, zinakwenda kwa kwaya jirani kwenye karatasi isiyo na jina wala tarehe, na akifariki zinakuwa za watu wote na za hakuna.

Sheria hiyo inalinda pia sanaa za jadi, na inalipa Baraza la Sanaa la Taifa jukumu la kutoa idhini pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Kwaya inayochukua wimbo wa harusi wa Chasu, lugha ya Wapare, au wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na kuuwekea maneno ya Injili inagusa eneo hilo bila kujua. Hakuna sababu ya kuwatisha watu kwa hilo. Ipo sababu ya kuwaomba waandike kwenye jalada: sauti ya asili, mahali ilipotoka, na jina la mzee aliyeifundisha.

Usajili ni fundo lingine. Baraza hilo la Sanaa la Taifa (BASATA), lililopo kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, linasimamia sanaa zote, na kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wasanii na vikundi wajisajili na wawe na vibali. Kwaya ya usharika iko chini ya mwavuli wa dhehebu lake, hivyo inapoimba ibadani hakuna swali. Swali linakuja Jumamosi, waimbaji walewale wanapopiga vyombo harusini kwa bahasha. Je, ni wasanii au ni waumini? Kikundi kinachopata mwaliko wa kulipwa mara chache kwa mwaka hakiwezi kubeba taratibu za bendi ya hoteli. Daftari moja kwa mtendaji wa kata, lenye jina la kikundi, viongozi wake na aina ya muziki, likikubaliwa na wilaya kama utambulisho wa kutosha kwa shughuli za ndani ya wilaya, lingemaliza wasiwasi huo na kuipa halmashauri kitu muhimu: orodha ya nani anapiga nini, na wapi.

Miradi ya pembeni ndiyo inayoifanya bendi ivuke mwaka. Vikundi vingi vina mfuko wa kuweka na kukopa, vingine vina shamba la mahindi au maharage linalolimwa kwa zamu kama msaragambo. Unaolipa kuliko yote ni kukodisha vyombo: spika mbili, mashine ya kuchanganyia sauti na jenereta vinaingiza kwa msimu mmoja wa harusi kile ambacho albamu haiingizi kwa miaka. Na spika hazina dini. Jumapili ziko kanisani, Ijumaa usiku ziko kwenye maulidi, Jumamosi mkutano wa kijiji. Ubaya wake ni kwamba mradi unaweza kuimeza bendi. Vijana wanaanza kubeba spika badala ya kufanya mazoezi, na baada ya muda kinabaki kikundi cha kukodisha vyombo kilichowahi kuimba.

Mradi usioingiza kitu, na ulio bora, ni wa kufundisha watoto. Tarumbeta moja kuukuu ikiachwa shuleni chini ya mwalimu anayejua kuipuliza, baada ya miaka michache kuna wapulizaji. Hapa wakuu wa shule wana nafasi kuliko halmashauri: saa moja ya ukumbi baada ya vipindi, na kabati lenye kufuli. Kwa walimu wa kwaya wenyewe mafunzo yapo nchini. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha, vyote vinafundisha muziki, na Makumira iko jirani kiasi cha kuwezesha mkufunzi kualikwa kwa siku mbili badala ya kupeleka walimu kumi.

Mradi wa tatu unasukumwa na umri. Wazee wanaojua nyimbo za Chasu za kulea, za kutwanga na za unyago wanapungua. Jirani hapo, Ugweno, hali ni ya haraka zaidi, kwa kuwa Kigweno, lugha iliyo karibu na Kichaga, kina wasemaji wachache na vijana wengi hawakiongei. Bendi yenye kinasa sauti chake ina uwezo wa kufanya kazi ambayo hakuna idara itakayotumwa kuifanya: kukaa na bibi mmoja mchana mmoja, kwa ridhaa yake, na kuandika jina lake, kijiji chake na wimbo ulitumika wapi.

Fedha za umma zipo, lakini mlango wake ni mwembamba. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwaya ina bibi wa miaka 70, mume wa makamo, binti wa kidato cha nne na kijana wa bodaboda katika safu moja. Haingii katika fungu lolote isipokuwa ijikate vipande. Wajanja wanajikata, wanaandika kikundi cha vijana kwenye karatasi na kurudi mazoezini kama kawaida. Ni afadhali halmashauri itamke wazi kwamba vijana au wanawake ndani ya kikundi mchanganyiko wanaruhusiwa kuomba kwa mradi maalumu, mathalani vyombo vya kukodisha, huku daftari la mkopo likitenganishwa na daftari la kwaya. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao unatoa mikopo kwa wasanii, lakini mkopo ni deni, na bendi ambayo mapato yake ni bahasha za Desemba haifai kushauriwa kukopa kwa ajili ya albamu. Ikope kwa ajili ya spika, albamu ilipwe kwa akiba.

Jambo la mwisho ni mahali pa kutunza. Kata haina kumbukumbu ya muziki wake, wakati kila kikundi kina flashi mbili tatu zinazozunguka mifukoni. Diski moja katika ofisi ya utamaduni Mwanga na nyingine katika shule ya sekondari ya kata, zikipokea kila mwisho wa mwaka nakala ya kilichorekodiwa, pamoja na karatasi ya maneno, nota, majina ya watunzi, waimbaji na tarehe, zingetosha kwa kuanzia. Wakati wa kuzikusanya ni mkutano wa Januari, ambapo katibu na mweka hazina wako na madaftari yao mezani.

Nakala kwa:
Baraza la Sanaa la Taifa
Ofisi ya Hakimiliki Tanzania
Mtendaji wa Kata, Ngujini